Daisi Kunyimwa Haki ya Kuzaa

Nakuru,
9 Machi 1971

Mheshimiwa Daktari Amrit, mganga wa wanyama,

Natumaini u mzima, na kama u mzima basi uko afadhali kuliko sisi. Mimi ni Jotham Masinde, karani wa mizigo hapa stesheni. Utanikumbuka: ni mimi niliyeingia kwako wiki jana na mbwa ndani ya kofia. Huyo ndiye Daisi, chiwawa halisi asiye na tone la damu ya kienyeji, niliyeachiwa na mzungu wa Dundori alipouza shamba akarudi kwao. Nilikuuliza kama azalishwe au asizalishwe. Ukasema asizalishwe kabisa, eti ni mdogo mno, kiuno chembamba, na atakufa akizaa. Nina malalamiko.

1. Ulitamka hayo mbele za watu. Mzee mmoja aliyeleta ndama alicheka hadi akashika ukuta. Msichana wa watu hatajwi kiuno chake hadharani, Daktari.

2. Watoto wake nimeshawagawa. Mmoja ni wa bosi wangu, mmoja wa mchungaji, mmoja wa mama mkwe, na mmoja wa mwalimu mkuu wa shule ambayo kijana wangu anatafuta nafasi. Sasa kijana akose masomo kwa sababu ya kiuno cha mbwa? Hata mke wangu Milcah ni mwembamba, na amenizalia sita. Milcah ameniambia nifute sentensi hiyo, lakini wino umeshakauka.

3. Ulisema tena kwamba dume pekee la aina yake hapa mjini, yaani Taiga wa Mama Manju muuza vitambaa, ni ndugu yake wa tumbo moja. Hapo ulitugusa pabaya. Kwetu Bungoma, hata ukichumbia binti wa ukoo wa nyanya yako utafukuzwa na fimbo! Basi niliita wazee. Walikaa kutwa nzima, wakamaliza chai yote ya nyumba, wakaamua kwamba ukoo hufuata baba, na kwa kuwa baba wa hawa mbwa hajulikani, hakuna kesi. Ili tuwe salama watachinja kondoo wa kutakasa. Kwa mahari Mama Manju atatoa kitambaa cha suti, maana yeye ni Mhindi asiyekula nyama, na kwake hakuna mnyama anayetolewa aende kuliwa. Tumekubali. Nimeshapimwa mabega.

4. Kubwa kuliko yote ni taifa. Mashamba yamekuja kwa wananchi, maofisi yamekuja kwa wananchi, na Daisi naye amekuja kwa wananchi. Mbona kwa mzungu hawa mbwa walizaa, wakifika kwetu ndiyo wanakuwa wadogo? Leo umemzuia Daisi, kesho utazuia kuku, kesho kutwa utaingia mtaa wetu wa Rhonda kuzuia watu. Uhuru gani huu, jamani!

Kwa hivyo naomba, kwa adabu zote, ubatilishe neno lako. La sivyo nitafika kwa D.C., mkuu wa wilaya mwenyewe, na nitakwenda na wazee wote.

Nisalimie mama watoto, karani wako Cherono, na majirani zako hata wale tusiojuana.

Mimi wako niliyeudhika kwa heshima,
Jotham Masinde

N.B. Barua hii imesomwa na Milcah, mama mkwe na wazee, wote wakaipigia makofi. Haya ya chini naandika peke yangu, nimesimama posta. Daktari, nakusihi, nikatalie. Nikatalie kwa ukali, kwa Kiingereza kigumu, na upige mhuri mkubwa, nipate cha kuwaonyesha. Uliposema atakufa nilicheka pamoja na yule mzee, lakini tangu siku hiyo naamka usiku kusikiliza kama anapumua. Yuko hapa ndani ya koti, moyo wake unanigonga mbavu, na hajui ninaandika nini. Nampenda huyu mbwa, na nyumbani siwezi kulisema hilo nikaeleweka. Taiga analetwa Jumamosi. Tafadhali jibu lifike Ijumaa.