Samadi Ndani ya Tangi la Samaki

Swali lililoninyima usingizi ni hili: jani likigeuka njano ndani ya maji, lina njaa au linakufa? Leo nimejibiwa mbele ya wageni. Nimeaibika, ndugu zangu. Aibu ya kunuka. (Kunuka kweli, mtaona.)

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika nyumba ya wageni ya Mama Alinda, hapa Kayanga. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuambiwa kama nabaki mapokezini au narudi kwetu Rugu na shahada yangu ya kilimo. Pale mapokezini kuna tangi la kioo lenye samaki wekundu na mimea ya majini aliyoiagiza Mwanza. Mimea ikaanza kuwa njano. Majani yakatoboka, yakalegea kama mchicha uliochemka kupita kiasi.

"Wewe si msomi wa mimea?" Mama Alinda aliniambia jana. "Wakwe wa Alinda wanakuja kesho kutoka Isingiro. Sitaki wakute msiba ndani ya kioo."

Nilisoma kwenye simu kila kilichoandikwa. Kumbe wauzaji wengi huikuza mimea hiyo majani yakiwa nje ya maji. Ukiizamisha, majani ya zamani huoza na mapya hutoka polepole. Kata yaliyooza, badilisha sehemu ya maji, taa iwake kwa kiasi. Shina nene linalotambaa usilifukie, lifunge juu ya jiwe. Kisha subiri.

Subiri! Nimesubiri ajira tangu nimalize chuo. Subira yangu yote iliishia huko.

Asubuhi nikawaza (kuwaza ndio ugonjwa wangu): hawa walioandika wanajua nini? Kwetu mgomba ukiwa njano hausubiriwi. Unatiwa samadi, unatandaziwa nyasi. Nikahamisha samaki kwenye ndoo. Nikafukia mashina chini kabisa, kama machipukizi ya migomba. Nikaweka samadi ya mbuzi iliyokauka vizuri, nikafunika kwa mchanga. Nyasi niliacha. (Nina akili kidogo.) Nikarudisha samaki. Tangi likapendeza!

Wageni wakaingia. Shikamoo zikapita, buni kavu za kahawa za kutafuna zikapita. Shangazi wa bwana harusi akasogea kwenye kioo.

"Waitu, ndugu zangu, hawa wekundu nawaona. Na hawa weusi, wadogo, wa mviringo, ni samaki gani?"

Nikageuka. Samaki walikuwa wanafukua mchanga. Kila wakichimba, kigololi kimoja cha mbuzi kinapanda juu. Kingine. Kingine tena. Taratibu, kwa heshima, kama waumini wanaokwenda kutoa sadaka.

"Ni... wa kienyeji," nikasema. (Mungu anisamehe.)

"Mbona hawana macho?"

Maji yakawa rangi ya chai. Mmea mmoja ukang'oka, ukaelea chali. Samaki wakapanda juu kutafuta hewa, midomo wazi. Halafu harufu ikafika. Mzee mmoja akaacha kutafuna kahawa.

"Mama Alinda, zizi lako liko chumba kipi?"

Alinda mwenyewe, bibi harusi mtarajiwa, alificha uso kwenye khanga, mabega yakimtikisika. Mama yake hakucheka.

"Umeweka nini humo?"

"Samadi, mama."

"Kwenye maji?"

"Ya mbuzi." (Kana kwamba ya ng'ombe ndiyo ingekuwa kosa.)

"Msimfukuze binti huyu," mzee akasema. "Mpeni kibanja cha migomba alime!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilisoma miaka yote ile ili nisipewe kibanja.

Wageni walipoondoka, Mama Alinda hakupaza sauti. Hilo ndilo lililouma.

"Okoa samaki. Hayo majani tupa, nitanunua ya plastiki. Ya plastiki hayahitaji msomi. Mapokezini nitamweka mwingine. Ukitaka, kibanja changu cha Kiruruma kinahitaji mtu wa samadi."

Nikawaza. Kisha nikawaza kwa nini bado nawaza.

"Asante, mama," nikasema. "Kiruruma siendi."

Samaki niliwatia kwenye maji safi, wote wazima. Mimea sikuitupa. Niliibeba kwenye ndoo hadi Rugu, na njiani kila mtu akaniuliza kama ni mboga.

Sasa iko kwenye beseni, karibu na dirisha. Nimekata yaliyooza, nimeosha mizizi, nimefunga mashina juu ya mawe kwa uzi. Shina moja lina chipukizi dogo la kijani. Bila shaka lilikuwepo tangu jana, kabla sijalifukia.

Mama yangu amepita sasa hivi na kiganja cha majivu ya jikoni.

"Tia kidogo, mwanangu. Itapata nguvu."

"Hapana, mama. Hii inataka iachwe tu. Isiguswe, isisemwe."

Na mimi vilevile. Anayetaka kucheka, achekee kwao.