Utafiti Wangu Umewafaa Watu wa Saboti

Jumatatu, 2 Juni
Kamati ya vyeo imeniita. Wakauliza makala zangu za jiografia zimenukuliwa na nani. Nikasema na wengi. Wakafungua kompyuta. Mmoja. Na huyo mmoja ni mimi mwenyewe! Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nisipoonyesha mtu aliyefaidika na utafiti wangu, na mshirika kutoka chuo kingine, nitaagwa. Mke wangu Gladwell akauliza kama nimekula. Mwanamke huyu hana huruma.

Jumanne, 3 Juni
Wazo! Dkt. Chesang ana kongamano Bungoma keshokutwa, juu ya maporomoko ya ardhi Mlima Elgon. Tulisoma darasa moja. Nilimshinda kuchora ramani. Leo ananukuliwa hadi Japani. Dunia! Akinifanya mshirika wake, nimepona. Nikampigia. Akasema karibu sana, ila kila anayewasilisha makala aje na mwananchi aliyesaidiwa na utafiti wake. Nikamwambia wangu ni wengi, tatizo ni kuchagua.
Nimetafuta mmoja mpaka magharibi.

Jumatano, 4 Juni
Nimempata! Kimaiyo, anayeuza dawa ya panya hapa Matisi kwa kipaza sauti. Hajawahi kulima hata sukuma wiki. Lakini ulimi! Nimemfundisha maneno machache: yeye ni mkulima wa Saboti, kule Mlima Elgon, ramani ya Daktari Mbogo, yaani mimi, imemsaidia. Kisha aketi. Aliuliza kama kutakuwa na nyama.
Gladwell anasema si niliwahi kupima nyufa za ardhi kule Saboti, kwa nini nisimlete mtu wa huko kweli. Nikamwambia hajui mambo ya utafiti. Saboti kuna matope.

Alhamisi, 5 Juni
Bungoma. Ukumbi umejaa. Nilisoma makala yangu, watu wakapiga miayo. Kisha Kimaiyo akasimama. Akasema maneno yangu. Hakuketi! Akasema ramani yangu ilihamisha kijiji kizima, wazee, ng'ombe, hata bibi harusi, na asubuhi yake mlima ukashuka. "Bila huyu Daktari, wananchi, mimi ningekuwa udongo!" Makofi. Profesa mgeni kutoka ng'ambo akafuta machozi. Kwa dakika chache nilikuwa mtu mkubwa.
Ndipo mgeni akaomba apelekwe kukiona kijiji hicho. Kesho. Chesang akanitazama, akasema magari yapo.
Kimaiyo alikuwa kwa sahani ya tatu.

Ijumaa, 6 Juni
Siku mbaya kuliko zote. Nimeomba mvua, nimeomba daraja lizolewe. Jua kali, barabara kavu! Kimaiyo amezima simu. Nikamwelekeza dereva njia ya kupotea. Chesang akasema hapana, akatoa makala yangu mkobani. Kumbe ameisoma! Akatufikisha kwa ramani yangu mwenyewe, bila kukosea kona.
Mama Linah, ambaye nilipima shamba lake, alitoka mbio akinipungia shuka.
"Dakitari! Mimi niliambia hawa utarudi. Wakasema ati umetusahau."
Akanishika mkono kama mwanawe, akanipeleka nyuma ya nyumba. "Si ulisema hii nyufa ikipita mparachichi nikupigie? Nimepiga, nimepiga, bana. Haiingii."
Nilibadilisha laini. Nyingine ilikuwa na bando nzuri.
Mparachichi umelala. Ufa umepita chini yake, umeingia jikoni, mkono wangu uliingia hadi kiwiko. Karibu na meko kuna godoro. Wajukuu wanalala hapo. Mgeni akauliza kijiji kilichohamishwa kiko wapi. Nikasema bado kinajiandaa. Hakuna aliyecheka.
Chesang hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alimpigia chifu, kisha mchungaji, kisha akaketi na Linah wakazungumza Kisabaot. Mimi nilisimama kando ya ule ufa nikitamani uwe mpana zaidi.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Chesang amepiga. Linah na wajukuu watahamia uwanja wa kanisa keshokutwa, na majirani wanne nyuma yao. Akasema vipimo vyangu ni sahihi, na ramani ni bora kuliko yake. "Mbogo, kazi yako ni nzuri. Ulichokosa ni kurudi." Akasema yuko tayari tuandike pamoja, mradi niwaambie kamati ukweli, na niwe napima Saboti kila mwezi. Nililia, nikasema ni mafua.
Gladwell akaleta chai. Akasema, "Basi si urudi tu."
Maneno hayo yameniuma zaidi ya kamati.

Jumatatu, 9 Juni
Sikulala vizuri. Nimetafakari, nimejichunguza, nimeelewa. Chesang ana haki. Lazima nirudi Saboti! Makala mpya, jina langu kwanza, na picha kubwa ya ufa ukipita katikati ya jiko lenye watu ndani. Nani atakosa kuinukuu?
Nimempigia Linah mapema. Nimemwomba kwa heshima asihame kesho, avumilie mpaka mvua ya wiki ijayo iupanue ufa vizuri, halafu nije na kamera.
Simu ikakatika.
Mtandao wa Saboti ni mbovu sana. Nitajaribu tena jioni.