Besiboli, Saa Nane Kamili

Jumatatu, 12 Oktoba 1998
Leo nimekuwa mfadhili! Mwalimu Huang, kocha wa besiboli katika sekondari iliyo nyuma ya hoteli yetu hapa Xiaobei, nchini kwa Wachina, alikuja kwa Shamsia, Mzanzibari mwenzangu anayetupikia, akamwaga shida zake. Timu haina jezi. Uwanja ni wa kugombania. Mkuu wa shule kamwambia: Jumamosi hii wacheze mechi wakiwa na jezi, la sivyo timu ivunjwe. Vijana wanafanya mazoezi mwaka wa pili na gongo moja la kupigia mpira! Roho iliniuma. Tena mfadhili hupigwa picha, na picha itafika sokoni Darajani, kwetu Unguja, wajue mie si mchuuzi wa kofia tu. Nikasema jezi na uwanja, yote niachieni mie Gharib. Shamsia akaguna.

Jumanne, 13 Oktoba
Jezi tayari! Nina robota la kanga nilizokataliwa Unguja. Kiwanda kilipindua maneno: badala ya "Japo sipati tamaa sikati" kikaandika "Japo sikati tamaa sipati". Nani atavaa nuksi hiyo? Lakini Wachina hawasomi Kiswahili. Nimezipeleka Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, kila mchezaji maneno yake mgongoni. Njuguna wa Nairobi, jirani yangu hotelini anayefadhili mpira wa miguu wa shule ileile, aliuliza hao ni wachezaji au mashangazi wa bi harusi. Hasidi hana sababu.

Alhamisi, 15 Oktoba
Uwanja nao nimeupata. Mzee Luo, mlinzi wake, alianza na "mei you", hakuna nafasi. Nikamwita laoban, bosi mkubwa, akalainika. Nikataka saa nane mchana, watu wameshakula. Ba dian! Ba ni nane, dian ni saa, nani asiyejua? Nikainua na vidole vinane asije akasingizia hakusikia. Nikaenda kwa Mwalimu Huang, vidole vinane vilevile. Baadaye Njuguna akaomba liang dian. Liang ni mbili. Saa mbili asubuhi! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Watatukanyagia nyasi, sisi tuje tucheze.

Jumamosi, 17 Oktoba
Aibu gani hii! Nilifika mchana, saa saba na nusu, jezi begani, mpiga picha nyuma. Uwanjani vijana wa Njuguna wanapasha misuli! Mwalimu Huang amekaa peke yake ukutani, macho mekundu. Akasema walikuja wote asubuhi, wageni wakaja, mkuu wa shule akaja, wakanisubiri weee. Bila jezi mkuu akakataa mechi. Nahodha alilia mbele ya wageni. Iliniuma, sisemi uongo. Nikamuuliza, sasa asubuhi mlifuata nini wakati nilisema ba dian? Watu hawa hawasikilizi! Hata hivyo amembembeleza mkuu, tumepewa Jumamosi moja zaidi tu, ijayo. Tukikosa hiyo, timu imekufa.

Jumapili, 18 Oktoba
Haifi timu mie nikiwa hai! Shamsia alitaka kunieleza ati saa za Wachina hazihesabiwi kama zetu. Nikamkatiza: wali apike yeye, besiboli aniachie mie. Dawa nimeshaiona. Watu hawa wanapenda asubuhi, basi tuwape asubuhi: saa mbili kamili. Nimemwendea Mzee Luo, nimemwendea Mwalimu Huang, nimemwendea hata mkuu wa shule nyumbani kwake. Wote nimewaambia liang dian, vidole viwili mbele ya pua. Wote wameitikia kwa kichwa. Njuguna, aliyekuwa na liang dian yake, akahamishwa bila kelele, akaniachia kwa kicheko, mshenzi. Jezi nitazipiga pasi mwenyewe, niwe pale alfajiri. Na safari hii sichezewi. Ikigonga saa tatu hawajatokea, nafunga mzigo wangu na jezi zangu naondoka. Na mie nina heshima zangu.