Bomba la Chuma na Gundi ya Mkorosho

Jumatatu, 18 Novemba
Yamefika! Lori limepanda kutoka Masasi likiwa na magata ya kukingia mvua paani na mabomba ya kuishusha. Si ya bati. Ya chuma! Chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, sawa na yale ya zamani yaliyoliwa na kutu kwenye jumba la kale hapa Newala. Jumba lina zaidi ya miaka mia. Sasa linageuzwa nyumba ya wajawazito kusubiria siku zao. Nimegusa bomba moja. Zito, baridi, lina maua shingoni. Maua! Kwenye bomba la maji! Nikavua kofia. Mathias, fundi wa Masasi anayepima kila kitu mara mbili, akauliza kama kuna msiba.

Injinia Loyce, mama wa Mwanza asiyecheka kabla ya saa nne, akauliza nani amewahi kufunga vyuma vya namna hii. Mkono wangu ukanyanyuka. Nikasema Mtwara, miaka mitatu. Mimi, Nurdini wa Mkunya, ninayejua chuma kwa jembe tu! Nimepewa upande wa mashariki. Mathias kapewa magharibi.

Jumanne, 19 Novemba
Hamida, mke wangu, ana mimba ya miezi minane. Kasema safari hii habebi ndoo mpaka siku ya uchungu, kama alivyofanya kwa mtoto wa kwanza. Anataka kusubiri kwenye lile jumba. Lakini Injinia hana mzaha: mvua ya kwanza ijaze tangi lililochimbiwa chini ya ua wa jumba, ndipo nyumba ifunguliwe. Tangi likibaki tupu, mpaka mwakani. Mtoto hasubiri mwakani. Nimemwapia Hamida kwamba tangi litafurika. Kachukua ndoo, kaenda kuchota maji.

Jumatano, 20 Novemba
Maafa! Injinia alituonya asubuhi: chuma hiki ni kigumu lakini hakipindi, msikidondoshe, msikipige nyundo, kitapasuka. Nikacheka kimoyomoyo. Chuma kipasuke? Ni yai? Kufika mchana Mathias kafunga mabomba manne, mimi hata moja. Langu liligoma kuingia kwenye mwenzake. Nikaligonga nyundo moja tu. Ya heshima. Ta! Ufa kutoka mdomoni mpaka kiunoni. Nikakaa chini. Nimepasua chuma kwa mkono wangu! Nusu yangu iliogopa, nusu nyingine ilijisikia shujaa. Nimelifunika kwa turubai.

Alhamisi, 21 Novemba
Akili ni mali. Gundi ya mkorosho haijawahi kuniangusha. Na mafuta ya maganda ya korosho ni meusi kuliko rangi ya Injinia. Nimewahi kabla ya watu. Nikaziba ufa kwa gundi, nikapaka mafuta kwa vidole, nikafunga bomba ukutani. Ufa haujulikani! Mathias kapita, kasifu. Mathias!

Saa tisa alasiri vidole vinawaka moto. Malengelenge. Kila mtoto wa hapa anajua mafuta yale yanababua ngozi. Hata mimi najua. Furaha ilinisahaulisha. Hamida kauliza, nimesema nyuki.

Ijumaa, 22 Novemba
Siku hii siisahau. Mama mkwe kaja kutoka Chilangala kuona mwanawe atalala wapi. Ni mfinyanzi, vyungu vyake vinajulikana uwanda mzima. Shikamoo mama. Marahaba mkwe wangu. Akapita ukutani, akagonga bomba la Mathias kwa kifundo cha kidole. Jamani! Kile chuma kikaimba. Sauti ndefu, tamu, ikapanda hadi paani, tukaihisi miguuni. Injinia mwenyewe alifumba macho.

Akagonga langu. Po.

Akasema pole pole kwamba hili lina ufa, chungu kibovu husema vivyo hivyo. Nilitaka kubisha. Lakini mkwe habishiwi, tena mbele za watu! Nikainamisha uso, na macho yote yakafuata uso wangu mpaka kwenye vidole. Injinia akakwangua bomba kwa ufunguo. Gundi ikabanduka kipande kizima. Nikakiri yote, na ya Mtwara pia.

Lilikuwepo bomba la akiba moja. Moja tu! Mathias kalifunga, mimi nimeshika ngazi kwa amri ya Injinia. Mama mkwe kayagonga mabomba yote arobaini, moja moja, nami nikamfuata nyuma nikihesabu. Yote yameimba.

Jumapili, 24 Novemba
Mvua! Imeanza saa nane mchana. Maji yakakimbia kwenye magata, yakaingia mabombani, chuma kikanguruma jumba zima. Ukutani hakuna tone! Sisi tuliozaliwa huku juu, ambao mama zetu walishuka bondeni kufuata ndoo moja, tulisimama mvuani midomo wazi. Hakuna aliyekimbilia kibarazani. Tangi limejaa hadi shingoni. Nimelia. Nimesingizia mvua.

Jioni Hamida kaingia na begi lake, wa kwanza kabisa. Kalala kitandani, kasikiliza maji yakidondokea tangini, kacheka peke yake. Kisha kashika vidole vyangu, kauliza wale nyuki walikuwa wa aina gani.

Jumanne, 26 Novemba
Nimeamka mtu mpya. Nimeapa mbele ya Hamida: uongo kazini, basi. Kanyoosha mkono, tumepeana.

Saa nne Injinia katukusanya. Kuna jengo jingine la kale Masasi, lina mnara, mabomba yanaanzia kileleni. Mama mkwe kaajiriwa kugonga. Mathias anaogopa urefu, kasema wazi bila haya. Injinia kauliza nani amezoea minara. Nikasikia mtu anasema yeye kafanya kazi minarani miaka mitano, Lindi na Songea, na kizunguzungu hakijui. Sauti ya kujiamini sana! Ilikuwa yangu. Kitu kirefu nilichowahi kupanda ni mkorosho, na nilishushwa na majirani. Tunaondoka Jumatatu.