Mhandisi wa Uchochoro

Kila siku watu walipita kwenye uchochoro ule, na hakuna aliyewahi kuuona. Ulibanwa kati ya duka la makochi na duka la mapazia, ukitoka kituo cha basi kwenda nyumba za kupanga. Mwenye makochi alisema ni wa mwenye mapazia. Mwenye mapazia alisema ni wa mwenye makochi. Basi mtaro wake ukaziba, maji machafu yakatuama, na wapita njia wakajifunza kuruka bila kukatisha mazungumzo.

Futikamba alipita hapo Jumamosi asubuhi, akasimama. Aliitwa hivyo kwa sababu hakutoka nyumbani bila futikamba mfukoni, ingawa hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Siku hiyo alikuwa na shida ya kweli. Mama wa mchumba wake, mama ambaye hawakuwahi kuonana, alikuwa anakuja alasiri kukagua chumba chake, na Futikamba alishaapa kwamba kina kochi la watu watatu. Kilikuwa na ndoo na mkeka. Bila kochi hakuna mke, na Futikamba, pamoja na uongo wake wote, alimpenda huyo binti kwelikweli.

Akavaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, alichokiokota juzi kwenye kamba ya nguo kabla hakijakauka. Akapima uchochoro, akaandika namba ukutani kwa chaki, akatikisa kichwa kwa huzuni. Hakuna mwenye duka anayeweza kuvumilia mgeni akiutikisia kichwa ukuta wake.

"Kuna nini, bwana mkubwa?" Mwenye makochi alishatoka.

"Shikamoo, mzee. Hakuna kitu. Rudi tu dukani."

"Nirudi vipi, na unaniandikia ukuta?"

Futikamba akashusha sauti. "Ofisi inagawa vichochoro. Kila kimoja kinapewa jirani mmoja, akiezeke, apange bidhaa zake. Nimeambiwa nianze na huyu wa mapazia."

"Huyu? Huyu ana nini cha kupanga?"

"Mimi sina upande, mzee, mimi napima tu. Ila bosi wangu ndiye anayeamua, na maskini mgongo unamuua. Ofisini anakalia benchi."

Mzee hakungoja kuelezwa mara mbili. Kochi jekundu la watu watatu, bado liko kwenye nailoni, likatoka kwa mlango wa pembeni. Baada ya muda mfupi mama wa mapazia, aliyeambiwa kwamba bosi huyohuyo anateswa na jua, alipitisha dirishani mapazia mawili mazito huku ametazama kando, ili baadaye aape kwamba hakuona chochote.

Futikamba akaenda kutafuta mkokoteni. Aliporudi, juu ya kochi alikaa mama mmoja, ufagio magotini. Mama huyo alifagia uchochoro ule miaka tisa. Asubuhi hiyo Futikamba alimpita mara tatu bila kumwona.

"Shikamoo, mama. Kochi hilo ni la ofisi."

"Marahaba, mwanangu. Na kizibao?"

"Cha ofisi pia."

"Hebu inua mkono wa kushoto."

Akauinua. Kuna sauti ambazo mtu huzitii bila kujiuliza. Kwapani palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kijani.

"Uzi wangu huo," mama akasema kwa upole. "Sasa sikiliza, mhandisi. Miaka tisa naomba mtaro huu uzibuliwe. Kulia wananituma kushoto, kushoto wananirudisha kulia. Leo ofisi imekuja yenyewe. Koleo lile pale. Maji yakienda, beba kochi lako. Au nigonge milango yote miwili?"

Futikamba akachimba. Alitoa viatu, matambara, mwavuli na nusu ya kiti. Kila mwenye duka alichungulia, akaona ofisi ikimtengenezea uchochoro wake, akarudi ndani akitabasamu. Alasiri, Futikamba akiwa matope hadi masikioni, mtaro uliguna mara mbili na maji yakaondoka.

Hapo akatokea mama wa makamo kutoka kituoni, mkoba kwapani, akajitupa kwenye kochi kando ya mfagiaji. "Dada, niruhusu nipumzike. Naenda kumkagua mtu anayemtaka binti yangu. Mhandisi, eti. Wanamwita Futikamba. Najua tu ana mikono laini kama mkate." Akaelekeza kidole mtaroni. "Angekuwa kijana kama huyu, hata chumba nisingekagua."

Mfagiaji alimeza kicheko. "Mhandisi, toka umsalimie mkweo."

Futikamba akatoka akichuruzika. "Shikamoo, mama."

Mama akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Marahaba. Na lile kochi tunaloimbiwa kila siku?"

Futikamba akaliangalia kochi, akaangalia ile milango miwili. Ulimi wake, uliokuwa haujawahi kumwangusha, ukakataa. "Sina kochi, mama. Nina ndoo na mkeka. Lakini binti yako nampenda."

Mama akaishika mikono yake, akaigeuza, akayatazama matope na malengelenge.

"Nimeridhika," akasema. "Jumatatu asubuhi uje kwangu. Nina mtaro nyuma ya nyumba, umeziba miaka kumi na mbili."

Mfagiaji akajinyoosha vizuri kwenye kochi, ambalo sasa lilikuwa lake, akamkabidhi Futikamba koleo. "Kizibao utanirudishia kikishafuliwa."