Farasi Wanane wa Ikuti

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata ukombozi! Umekuja kwenye simu, nikiwa dukani nasubiri mteja wa gambuti, hizi buti za mvua.

Kwanza tatizo. Jumapili hii ndoa yangu na Hellen inaanza kutangazwa kanisani Ikuti. Baba yake, mzee Anyelwisye, hataki usharika usikie kwamba binti yake anaolewa na muuza gambuti na miamvuli. Dada yake Hellen aliolewa na Isakwisa, afisa ugani, na tangazo lao lilisomwa na cheo. Mzee alitembea nacho kijiji kizima. Mimi ameniambia nilete cheo, au tangazo lisubiri. Nikimkosa Hellen kwa sababu ya gambuti, nitakufa.

Sasa ukombozi. Chama cha polo cha taifa kinasaidia klabu mpya. Polo ni ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ukiwa juu ya farasi. Chama kinatuma kocha, kinatoa magongo na kofia ngumu, kinafundisha waamuzi, na farasi wanaletewa daktari. Na kila klabu lazima iwe na mwenyekiti. Mwenyekiti!

Nimetuma maombi papo hapo. Klabu ya Polo Ikuti. Mwenyekiti: Ambwene, yaani mimi. Nahodha: mimi pia. Farasi nimeandika wanane. Mmoja angeonekana mnyonge.

Jumanne, 5 Agosti

Wamejibu. Afisa wao, Daktari Sabrina, yuko Mbeya kwenye maonyesho ya Nane Nane, na Ijumaa atakuja Ikuti kuiona klabu. Sikujua kuna chama kinachojibu siku ya pili.

Farasi nimepata. Ni wa dada Naima, mwenye duka la nguo za harusi hapa mjini Bulyaga, jirani na duka langu. Huwakodishia maharusi wapige naye picha. Anaitwa Sultani. Dada Naima amenionya kuwa Sultani hakimbii, kazi yake ni kusimama. Nimemwambia kusimama ndiyo msingi wa polo.

Bado saba. Nimesoma zaidi, na Mungu ni mwema. Chama kinasisitiza farasi wapumzishwe. Wakicheza kidogo tu, wanabadilishwa. Basi saba watakuwa wamepumzika.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi ya kwanza. Dada Naima hamtoi Sultani mpaka Ijumaa, kwa hiyo Fahadi wa bodaboda kaja na wenzake na pikipiki zao. Wa mbele anaendesha, wa nyuma anapiga. Magongo ni ya mianzi. Mpira ni shina la mwanzi, nimelichonga mwenyewe na kidole kimefungwa kitambaa.

Uwanja wa Ikuti umelala upande. Mpira ukipigwa kushuka hausimami mpaka kwenye chai. Ukipigwa kupanda unamrudia mpigaji. Fahadi akalalamika kwamba mchezo una uonevu. Nikamsomea sheria: kila goli likifungwa, timu zinabadilishana upande. Waliotunga sheria hii lazima walishafika Ikuti. Tumetoka sare. Wachuma chai walikuwa wakiturudishia mpira, mwishoni wakagoma.

Hellen alicheka mpaka akakaa chini. Nampenda sana huyu mwanamke. Mzee Anyelwisye akapita, akauliza mwenyekiti wa hiki kitu ni nani. Nikanyoosha mkono. Akanitazama kwa muda mrefu, na naapa kulikuwa na heshima ndani yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Pigo. Sheria ya polo inasema gongo lishikwe kwa mkono wa kulia tu. Mimi ni mashoto tangu kuzaliwa.

Nimefanya mazoezi ya mkono wa kulia dukani kwa kutumia mwavuli. Nimevunja mwavuli, taa na kioo cha jirani. Hata hivyo, nimeona maendeleo.

Ijumaa, 8 Agosti

Sultani alifika kwa lori la Kenta. Ukungu ulikuwa mzito. Daktari Sabrina alishuka garini akamsalimia Sultani kabla yangu. Akamkagua kwato na meno, akauliza analala wapi, anakunywa maji gani, nani anamfuta jasho. Kuhusu mwenyekiti hakuuliza chochote.

Nikapanda. Watu wote wakainua simu. Sultani kuona simu, akasimama, akageuza shingo, akakunja mguu mmoja wa mbele. Hakusogea tena. Nilimbembeleza, nilimsihi, nilimtajia taifa. Picha zimetoka nzuri sana.

Hellen akaamuru simu zirudi mifukoni. Akanishusha, akajifunga kitenge vizuri, akapanda yeye. Sultani akaondoka taratibu, Hellen akapiga mpira kwa mkono wa kulia, ukaingia golini. Vigelegele! Na mimi nikapiga, nikasahau kwamba nimeshushwa.

Ndipo Daktari akauliza wale saba wako wapi. Nikasema wamepumzika ng'ambo ya pili, nikaonyesha kwenye ukungu. Kweli kulikuwa na vivuli vya wanyama, vimetulia kabisa. Mzee Anyelwisye, aliyesimama kando yetu, akaniuliza kwa upole kama nina hakika wale ni farasi. Nikasema nawafahamu mmoja mmoja.

Ukungu ukaondoka. Walikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa mzee mwenyewe.

Hakupaza sauti. Alisema kuwaita ng'ombe wake farasi mbele ya mgeni, hilo angeweza kulisamehe akizeeka zaidi. Lakini yule mwekundu wa pembeni nilimleta mimi mwezi wa sita, ni wa mahari. Akauliza mwanaume asiyemjua ng'ombe wa mahari yake atamjuaje mke. Akaenda kumfungua, akanikabidhi kamba.

Hakuna Mnyakyusa asiyejua maana ya ng'ombe kurudishwa: uchumba umevunjika. Nimerudi Bulyaga nimepanda nyuma kwenye Kenta, Sultani kulia, ng'ombe kushoto. Nililia. Ng'ombe akanilamba sikio.

Jumamosi, 9 Agosti

Hellen kapiga simu asubuhi. Chama hakina kinyongo. Daktari alimtibu Sultani kwato, ameacha kofia ngumu na magongo ya kweli, na kocha atakuja kuwafundisha kina Fahadi. Nahodha ni Hellen. Mwenyekiti pia ni Hellen. Atapelekwa Arusha kusomea uamuzi.

Nikampongeza. Nikauliza kwa sauti ndogo habari zetu sisi. Akasema amembembeleza baba yake usiku kucha. Mzee atampokea ng'ombe tena, kama nitamleta mwenyewe kwa miguu na kumweleza alivyo bila kumtazama.

Tumetembea kutwa, mimi na ng'ombe, tukizungumza. Pembe yake ya kushoto imepinda mbele. Ana doa jeupe chini ya tumbo. Anaogopa madaraja, anapenda maganda ya ndizi, hapendi kuimbiwa. Tulipofika mzee alinigeuza nitazame ukuta, nikasema yote. Akasema ndaga, yaani asante, akaenda kumfunga pamoja na wenzake.

Nimeruka uani mbele ya watu! Mzee akaongeza kwamba vyeo amevichoka. Kesho niseme gambuti, basi.

Jumapili, 10 Agosti

Kabla ya ibada mwinjilisti alituita mimi na Hellen kuhakiki tangazo. Akaniuliza kazi yangu. Nilishafungua mdomo niseme gambuti. Naapa.

Lakini Isakwisa akaingia, kalamu mbili mfukoni mwa shati, akanisalimia: habari za gambuti, shemeji. Nami jana, ng'ombe akinywa maji njiani, nilikuwa nimesoma kwamba chama cha makasia cha taifa nacho kinasaidia klabu mpya. Na Kisiba kuna ziwa zima, limekaa tu.

Tangazo limesomwa mbele ya usharika wote: Ambwene, Mwenyekiti wa Klabu ya Makasia, Kisiba. Mzee Anyelwisye kageuka polepole kwenye benchi lake, kanitazama. Hellen, macho yake mbele, akaninong'oneza nimeandika mashua ngapi.

Nikamwonyesha kwa vidole. Havikutosha.