Mashine Iliyompima Kambale

Shemeji yake Kambale aliingia hospitali na kidole cha mguu alichojikwaa mlangoni, akatoka amepimwa figo, macho na meno, na kidole bado kinauma. Mtu mwingine angelalamika. Kambale, tapeli aliyepewa jina hilo kwa kuwa hashikiki kwa mkono mtupu, alikaa kwenye benchi akatabasamu. Kumbe kuna watu wanafanya kazi yake na wana leseni!

Kwa akiba yake yote akanunua kofia kuukuu ya kukaushia nywele kutoka saluni iliyofungwa. Akaipaka rangi nyeupe, akaibandikia taa mbili, nyekundu na kijani. Ya kijani hakuiunga hata waya. Mashine ya kuona watu wenye afya, nani atainunua?

Wiki iliyofuata alikuwa ofisini kwa Daktari, mwenye hospitali ile, amevaa tai ya kuazima.

"Daktari, hii haitaki damu wala mkojo. Mtu anaingiza kichwa, majibu hayo."

"Na majibu yanakuwaje?"

"Sitakuficha, mzee wangu. Nimepima watu wengi. Taa ya kijani sijaiona ikiwaka."

Daktari akameza mate. Kuna mabingwa wa moyo na mabingwa wa mifupa. Huyu alikuwa bingwa wa risiti, Mungu amzidishie.

"Bei?"

Kambale akaitaja bila aibu.

"Nimekubali. Ila mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Tuijaribu kwanza."

"Mlete mgonjwa yeyote!"

"Wagonjwa wananilipa, siwachezei. Kaa wewe."

Angekataaje? Akaingiza kichwa. Taa nyekundu ikawaka, tena kwa madaha. Daktari akamshika mkono.

"Pole sana, ndugu yangu."

"Ah, Daktari, hiyo ni..."

"Ni nini? Imekosea?"

Kambale akapiga hesabu. Akisema imekosea, biashara imekufa. Akisema haikukosea, anayekufa ni yeye.

"Haikosei," akasema kwa sauti ndogo.

"Sista! Kitanda!"

Kufumba na kufumbua amelazwa, kavalishwa gauni lililo wazi mgongoni, suruali yake imefungiwa kabatini. Wakampima kila kinachopimika. Sista kila akipita alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wahenga walisema mwosha huoshwa. Hawakusema ataoshwa akiwa hai, halafu alipie na maji.

Gharama zilipoipita bei ya mashine, Daktari akaja kuketi kitandani.

"Hapa hatoki mtu hajalipa, unajua. Lakini mimi si mnyama. Niachie mashine, tusameheane."

Akiba yote! Kambale uchungu ukamzidi, ukweli ukamponyoka.

"Mashine gani, Daktari? Hiyo ni kofia ya saluni! Haipimi chochote!"

"Najua. Mke wangu anazo tatu." Daktari akampigapiga begani. "Ila zake hazina taa."

Akarudishiwa suruali. Kwenye korido alikuta foleni mbele ya mashine yake, na mama mmoja akitolewa kichwa huku Sista akimwambia pole. Kambale akapita ameinamisha uso.

Nje ya geti alisimama, hana mashine, hana akiba, ila yuko huru. Akavuta pumzi ndefu kushukuru. Kifua kikambana. Akavuta nyingine, kikambana zaidi. Upuuzi! Ile taa aliiunga mwenyewe, kwa mikono yake, sebuleni kwake. Lakini mbona Sista alikuwa anatikisa kichwa vile?

Akageuka, akaingia tena, akachomoa noti ya mwisho kutoka kwenye soksi, akainama kwenye dirisha la dawa.

"Samahani, dada," akanong'ona. "Mna dawa ya taa nyekundu?"

"Ipo, kaka. Ya wiki au ya mwezi?"

"Ya mwezi," akasema Kambale.